Kahawa Iliyokataliwa

Wageni walisikika kabla hawajaonekana, kwa sababu Elpidius, mjomba wa mposaji, hakuwa mtu wa kushuka kwenye pikipiki bila kugombana na mwenye pikipiki.

"Ulisema unaijua njia," alikuwa akisema kule nje. "Umetuzungusha Kituntu nzima kama tunatafuta mbuzi aliyepotea."

Costansia alisimama nyuma ya pazia la chumba cha ndani, kiganja kikiwa kifuani. Sakafu ya sebule ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi alizozikata mwenyewe asubuhi, kabla ya misa, na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Kupitia mwanya wa pazia aliona mlango, kiti cha Baba mkubwa Rwegasira, na kipande cha ua ambako sketi ya shule ya Gloriose, mtoto waliyekuwa wakimlea, ilikuwa imeanikwa. Gloriose mwenyewe alikuwa ametumwa parokiani, kwenye mafundisho ya kipaimara. Siku ya kupokea posa mama hakutaka mtoto awepo.

Kisha Dastan, mposaji mwenyewe, akaingia.

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na mistari mikononi. Alishika kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kilichozibwa kwa jani la mgomba, akakishika kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake. Macho yake yalizunguka chumba, yakaliona pazia, yakatulia pale. Alijua yupo. Costansia alitabasamu gizani peke yake.

Walijuana masika yalipoanza, kule Ihembe, kwenye kitalu cha miche ya kahawa ambako Costansia alifanya kazi. Dastan aliingia kujikinga mvua. Mvua ilipokatika hakuondoka, na alipoondoka alikuwa amenunua miche ambayo hakuwa na pa kuipanda. Kwao ni Nkwenda, upande wa Kyerwa. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, na chuo kilikuwa kimemrudisha huku kwa miezi kadhaa kufanya mafunzo kwa vitendo.

Hilo la ustawi Costansia hakuwa amelisema nyumbani. "Anasoma, karibu anamaliza," alimwambia mama, akaishia hapo. Tangu baada ya Pasaka neno hilo halikutamkika katika nyumba ile. Watu wa ustawi walikuwa wamekuja siku ambayo yeye alikuwa kazini, mama mmoja mnene na kijana mwenye miwani, wakauliza habari za Gloriose, na Baba mkubwa akaitwa ofisi ya kata kuonywa kama mwanafunzi. Costansia alijiambia kwamba vijana wa ustawi ni wengi. Tena Dastan havai miwani. Huivaa anaposoma tu, au anapoandika.

Swali la kama kijana yule alikuwa Dastan alikuwa amekaa nalo majuma mengi, hajalimeza wala hajalitema.

"Shikamoo, baba," Dastan alisema, akainama.

Rwegasira, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Costansia, hakuitikia upesi. Alimtazama kijana kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Marahaba. Kaa."

Mama akaingia kutoka nyuma na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya porini ikakaushwa juani, ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa ametoka wapi. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Karibuni sana, wageni wet..."

Aliinua uso, akanyamaza. Kisha, kwa utulivu ambao Costansia hakuwahi kuuona kwa mama yake, akageuka na kukiweka kikapu juu ya kabati, karibu na picha ya marehemu, mbali na mikono ya watu.

"Shikamoo, mama," Dastan alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Mama alikaa kwenye mkeka bila kuitikia.

"Kijana," Rwegasira alisema, "miwani yako umeiacha wapi?"

"Ipo mfukoni, baba."

"Ivae."

Dastan aliitoa, akaivaa.

"Ndiye," Rwegasira alisema.

Mjomba Elpidius alimtazama huyu, akamtazama yule, akapiga mikono magotini kwa furaha. "Kumbe mnafahamiana. Basi mimi nusu ya kazi yangu imekwisha."

"Imekwisha yote, ndugu yangu, hujajua tu. Huyu mpwa wako alikuja hapa baada ya Pasaka na bosi wake wa kike. Shemeji yangu huyu, mjane wa mdogo wangu, akawatolea kahawa. Akatafuna yeye kwanza, kama inavyotakiwa. Yule mama hakuijua desturi yetu, katoka mbali, tukamsamehe. Lakini huyu akakisukuma kikapu kwa vidole viwili. Akasema kazi hairuhusu."

Elpidius aligeuka polepole. "Dastan. Ulikataa kahawa?"

"Nilikataa, mjomba."

"Kahawa iliyokwisha kuonjwa na mwenye nyumba?"

"Ndiyo."

"Mtoto wa Nkwenda." Elpidius alisogeza kiti chake kidogo, kama vile jambo hilo linaambukiza. "Na mimi nimekuja naye kwenye pikipiki moja."

Hakukuwa na haja ya mtu kueleza zaidi. Mwenyeji huitafuna kahawa kwanza mbele ya mgeni ili mgeni ajue haina kitu. Anayeikataa baada ya hapo amesema jambo moja tu, kwamba mwenye nyumba hii huua watu. Mama alikuwa ameishi na tusi hilo kimya tangu siku ile, na Costansia aliwahi kumkuta jikoni akivinusa vikapu vyake kama anayetafuta kosa.

"Baba, mama," Dastan alisema, "nimekuja kuomba radhi kabla ya kuomba kingine chochote. Darasani tunafundishwa tusipokee kitu nyumbani kwa mtu tunayemhudumia, hata maji. Asije akadhani msaada wetu unanunuliwa. Msimamizi wangu alikuwa amekaa pembeni, ananipima. Nilijua ninachokikataa. Nikaogopa kufeli kuliko nilivyoogopa kuwaumiza. Nisameheni."

"Radhi ni rahisi," Rwegasira alisema. "Mimi nina jambo dogo kuliko radhi. Yule mtoto Gloriose, mama yake alikuwa kibarua wetu, alifia katika migomba yetu, tukamlea kama wetu. Nilipotaka kumpeleka Mwanza kwa rafiki yangu akasaidie kazi za nyumbani, jambo hilo lilikuwa la ukoo. Tuliokuwa tunalijua ni wachache. Kuna aliyelitoa humu ndani akalipeleka kwenu. Nitajie."

"Siwezi, baba."

"Litaje jina, kikapu kitashuka kabatini, na habari za binti tutazizungumza leo hii."

Nyuma ya pazia Costansia alifumba macho.

"Siwezi," Dastan alisema tena.

"Ni mtu wa nyumba hii?"

"Siwezi kusema."

"Ni jirani?"

"Siwezi kusema, baba."

"Basi niondolee wasiohusika tu. Shemeji yangu huyu, kwa mfano. Siye?"

Mama alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye mkeka. Aliendelea kuuvuta.

"Nikianza kuwaondoa wasiohusika," Dastan alisema, "mwisho atabaki mmoja."

Elpidius aliguna, nusu kwa hasira, nusu kwa kustaajabu. Rwegasira hakuguna. Aliegemea nyuma, na sauti yake ikawa ya upole, jambo ambalo wote katika ukoo walilijua na kuliogopa.

"Sawa. Lakini nyumba inayotoa siri za ukoo nje, ukoo nao una haki ya kuuliza nyumba hiyo imekaa kwenye kibanja cha nani, na shamba hili la migomba ni la nani. Mdogo wangu alikufa bila mtoto wa kiume. Mimi sijawahi kulisema hilo. Mpaka leo." Akageuza uso kwenye pazia. "Costansia, toka."

Alitoka, akapiga magoti, akawasalimu wageni. Hakumtazama Dastan.

"Huyu umemjua tangu lini?"

"Tangu masika yanaanza, Baba mkubwa."

"Kwa hiyo kabla hawajaja kutuhoji."

"Ndiyo."

"Na ulijua ni mtu wa ustawi."

Mama aliinua kichwa kwa mshtuko. Hilo lilimchoma Costansia kuliko swali lenyewe.

"Nilijua anasomea," alisema.

"Ulimwambia habari za Gloriose?"

Kumbukumbu ilimjia yote kwa mara moja. Mchana mmoja kitaluni, wamekaa wakijaza udongo kwenye vifuko vya miche. Alimsimulia Dastan kuhusu mtoto huyo, bila kumtaja jina, kwa sababu alikuwa moyoni mwake na kwa sababu Dastan alikuwa msikilizaji mzuri kuliko watu wote aliowajua. Naye Dastan aliacha kujaza udongo, akatazama pembeni, akauliza mche wa kahawa huchukua muda gani mpaka kuzaa. Aligeuza maneno. Juma lililofuata ustawi walikuwa sebuleni kwao.

"Naomba nizungumze naye nje kwanza, Baba mkubwa."

Rwegasira akatabasamu kidogo. "Nenda. Pengine wewe atakuambia. Ukilipata jina, uje nalo."

*

Walitembea kwenye migomba mpaka nyumba ikafichika. Chini ya migomba mibuni ilikuwa imeanza kuwa na punje nyekundu hapa na pale. Costansia alisimama, akageuka.

"Sasa ndiyo umetumwa?" Dastan aliuliza kwa upole.

"Na wewe ulipokuja kitaluni, ulitumwa?"

"Nililetwa na mvua."

"Mvua." Alicheka bila furaha. "Mvua haiulizi mtu kwao kuna watoto wangapi. Wewe uliniuliza siku ya pili tu. Nikaona, huyu kijana anajali. Kumbe unafanya kazi."

"Costansia, naona umeumia sana, na..."

"Usinisemeshe hivyo. Usiniinamishie kichwa upande kama mteja wako ofisini. Hiyo sauti unawafanyia wote?"

Dastan aliuweka kichwa chake sawa. Katika siku nyingine yoyote angemchekesha. Alivua miwani, na bila miwani akawa tena yule yule wa kitaluni, mwenye macho yanayochelewa kuondoka usoni mwa mtu. Hilo ndilo lililomtisha Costansia. Ni uso gani ulikuwa wa kweli, huu au wa pale sebuleni?

"Ulijua ni kwetu?" aliuliza. "Siku ile mlipokuja."

"Nilijua kwa hakika nikiwa nimeshaingia. Niliona picha yako ya kipaimara ukutani. Nilishindwa hata kuandika." Alitafuta maneno. "Tulipotoka nje nilimwambia msimamizi wangu kwamba nina mtu wangu katika nyumba hii, anitoe kwenye suala hili. Alinitoa siku hiyo hiyo, na akanipunguzia alama kwa kutosema mapema. Sijaligusa tena."

"Na mimi hukuniambia. Umekaa na mimi, umekula mihogo yangu ya kuchoma, umenishika mkono, na hukuniambia kwamba umemfanya mama yangu aonekane muuaji."

"Kila nilipotaka kukuambia habari ya kahawa, ningelazimika kukuambia nilifuata nini. Ningeanza na kahawa, nikaishia pengine."

"Basi niambie hilo la pengine. Mimi peke yangu. Hapa hakuna mtu." Alisogea karibu mpaka akaisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, na kusogea huko kulimuuma, kwa sababu moyo wake haukuwa umesikia habari za ugomvi. "Dastan. Ni mimi? Ni maneno yangu ya siku ile uliyoyapeleka? Sema ni mimi, nitajua nimekosa. Sema si mimi, nitalala usingizi. Sikuombi jina."

Alimwona akiteseka. Midomo yake ilifunguka. Kwa muda mfupi alikuwa na hakika atasema.

"Siwezi," alisema.

"Hata mimi."

"Hasa wewe. Mtu yeyote aliyekuja kwetu na shida yake aliahidiwa kwamba jina lake halitatoka. Hakuambiwa kwamba litatoka siku nitakapopata mchumba. Nikilivunja hili kwa sababu nakupenda, kesho nitalivunja kwa sababu nimekukasirikia. Utaishije na mwanamume wa hivyo?"

"Na nitaishije na mwanamume ambaye kila nikimtazama nitajiuliza ananificha nini?"

Upepo ulipita juu ya majani ya migomba, na kwa mbali ilisikika sauti ya mjomba Elpidius akimsifia Rwegasira ng'ombe ambao hakuwa amewaona.

"Nakupenda," Dastan alisema. "Hilo halina siri. Ukiniambia niondoke nitaondoka, na sitakulaumu, na nitakaa Nkwenda nikilitazama hili kosa langu la kahawa mpaka nizeeke. Lakini jina sitatoa."

"Ondoka," Costansia alisema.

Alisema hivyo, kisha akaondoka yeye.

*

Alikwenda jikoni, kwenye kibanda cha nyuma. Mama alikuwa amekaa mbele ya sufuria ya ndizi na maharage, na ndizi zilikuwa zimeanza kushika chini bila yeye kuzigeuza. Costansia alichukua mwiko akazigeuza yeye. Machozi yaliyokuwa yakisubiri yakashuka.

"Mama, nimeiharibu nyumba hii. Ni mimi niliyemwambia. Baba mkubwa atakunyang'anya kibanja kwa ajili ya mdomo wangu."

"Amekuambia hivyo? Kwamba ni wewe?"

"Hakuniambia chochote. Nimembembeleza kama mjinga. Hakusema ndiyo wala hapana."

Mama alimtazama kwa namna ngeni.

"Hata wewe hakukuambia," alisema polepole. "Ulimsimulia lini?"

"Baada ya Pasaka. Juma la kwanza shule zilipofunguliwa."

Mama aliinuka, akachungulia mlangoni, akarudi akakaa karibu sana, kama wakati ule Costansia alipokuwa mdogo na anatolewa mwiba.

"Unalikumbuka jino langu?"

"Jino gani tena, mama?"

"Lile nililokwenda kung'oa Kayanga. Juma Kuu."

Costansia alilikumbuka. Alimpikia mama uji siku mbili. Alimfunga shavu kwa khanga. Baba mkubwa mwenyewe alileta pole.

Mama alifungua mdomo wake, akavuta shavu kwa kidole. Upande wa kushoto meno yote yalikuwepo, yamepangana vizuri kama mahindi.

Mwiko ulibaki hewani.

"Nilitafuta sababu ya kwenda mjini," mama alinong'ona. "Nilikwenda ofisini kwao, nikakaa nje muda mrefu, nikataka kurudi. Kijana mmoja akatoka akanipa kiti chake mwenyewe. Nikamwambia yote. Kwamba mama yake Gloriose alinishika mkono anakufa, nikamwahidi mtoto atasoma. Na kwamba nikijulikana nimesema, sina pa kulala. Akaniambia, 'Mama, jina lako linabaki hapa.' Mimi nikawaza, ni maneno ya ofisini tu hayo."

"Na kahawa?"

"Kahawa iliniuma. Nikasema, huyu niliyemkabidhi siri ya mtoto wangu wa kulea anaiogopa kahawa yangu. Na leo nilipomwona mlangoni nikamshuku zaidi. Nikadhani amekuja na mjomba wake kuniuza, jina langu kwa mahari. Nikaweka kikapu juu. Pia nilijua nikimchangamkia, shemeji ataniona." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilikaa pale nikingoja anitaje, mwanangu. Alipoulizwa kama siye mimi, nilijua nimekwisha."

Costansia aliyasikia maneno yale upya. Nikianza kuwaondoa wasiohusika, mwisho atabaki mmoja. Siku ile ya udongo na vifuko, Dastan hakuwa amegeuza maneno kwa hila. Alikuwa tayari amekisikia kisa hicho kwa mtu mwingine, akashuku ni nyumba moja, na hakuwa na pa kuyaweka macho yake.

Aliuweka mwiko chini. Akajifuta machozi, akanyoosha gauni.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Baba mkubwa alisema nikilipata jina nimpelekee."

"Costansia."

"Wewe lete kahawa, mama. Usiseme kitu. Umeishi na jino hilo mpaka leo, endelea nalo."

*

Dastan alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuaga. Elpidius alikuwa akikitazama kibuyu cha rubisi kwa huzuni, hajui kama adabu inamruhusu kurudi nacho.

Costansia aliingia, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya Rwegasira.

"Baba mkubwa, uliniuliza swali nikaomba muda. Ni mimi. Nilimwambia Dastan habari za Gloriose kwa mdomo wangu mwenyewe, kitaluni, tukiwa tunajaza udongo. Sikutumwa na mtu. Mama hakuwepo, wala hakujua mchumba wangu anasomea nini. Nilimficha."

Maneno yote yalikuwa ya kweli. Mtu angeweza kuyaapia mbele ya padri.

Rwegasira aligeuka mlangoni. "Unasikia? Ni kweli ni huyu?"

Dastan alimtazama Costansia. Alikuwa amezoea kuusoma uso wake, lakini safari hii alikuta kitu asichoweza kukisoma, kimefungwa vizuri, kinamtazama kwa utulivu.

"Siwezi kusema, baba."

Rwegasira alijipiga paja. "Hawezi kusema. Elpidius, unaona? Angekuwa siye, mchumba angekanusha mara moja kumwokoa mpenzi wake. Kimya chake ndicho jibu."

"Mzee una macho," Elpidius alisema kwa tahadhari.

Mama alikuwa ameingia, amesimama karibu na kabati. Costansia hakuthubutu kumtazama.

"Mimi si mtu wa kupiga watoto," Rwegasira alisema. "Lakini binti anayetoa maneno ya ukoo nje hawezi kuendelea kulala kwenye kibanja cha ukoo. Mdomo kama huu uolewe, tena mbali. Elpidius, mwambie dada yako mje na posa kamili kabla kahawa ya mwaka huu haijaanikwa. Mkichelewa nitamleta kwenu mimi mwenyewe."

"Tutakuja, mzee. Tena sisi kwetu mdomo wake hautadhuru. Hatuna siri, tuna umaskini tu, na unajulikana."

"Na kibanja cha mama?" Costansia aliuliza, bado yuko magotini.

"Mama yako kafanya nini? Anakaa kwake. Na yule mtoto asome mpaka achoke, mimi siitwi tena ofisi ya kata na vijana wa miwani. Shemeji, kahawa."

Mama alikishusha kikapu. Alichukua punje moja, akaiweka mdomoni mbele ya wote, akatafuna. Alitafuna upande wa kushoto, kwa nguvu, kama mtu mwenye meno yake yote, na Costansia aliona hatari hiyo akiwa amechelewa.

Rwegasira naye alikuwa akitazama.

"Shemeji," alisema, "jino lilipona vizuri?"

"Lilipona, shemeji. Ashukuriwe Mungu."

"Hm."

Kikapu kilifika kwa Dastan. Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti moja, akatafuna kahawa ya nyumba ile macho yake yakiwa yameelekea kwa mama. Mama alimwitikia ile shikamoo ya mwanzo, polepole, kana kwamba imetolewa sasa hivi. Elpidius alichukua punje nyingi kuliko adabu. Rwegasira alichukua moja. Aliizungusha kati ya vidole, akamtazama mama, akamtazama Costansia, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati lake bila kuionja.

Costansia aliwasindikiza wageni mpaka kwenye ua, ambako mjomba alianza upya ugomvi wake na mwenye pikipiki. Dastan alibaki nyuma, karibu na sketi ya Gloriose iliyokuwa imekwisha kukauka.

"Kule migombani ulinifukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Umeingia jikoni, umetoka ukiwa mtu mwingine. Umebeba lawama mbele ya mzee mzima. Nini kilitokea? Kwa nini ulisema ni wewe?"

Costansia aliianua sketi, akaikunja taratibu, akaishika kifuani. Aliyainua macho yake, na safari hii hakuyaondoa.

"Siwezi kusema," alimwambia.

Dastan alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kimya kimya, akavua miwani kuifuta, kwa kuwa alikuwa haoni tena vizuri.